Tarehe Niliyoandika Kwenye Dumu

Mzee wa Maji hakuwa na kawaida ya kuuliza kitu kinaitwaje. Aliuliza kina siku ngapi. Mkate, mayai, betri za tochi, habari za wagonjwa, vyote kwake vilikuwa na siku. Ukifika kazini asubuhi ukamwambia fulani anaumwa, ataitikia shikamoo yako vizuri kabisa, halafu atauliza, "Habari hiyo ina siku ngapi?" Ukisema mbili, anatikisa kichwa. "Basi ameshapona au amezidiwa. Nenda kaulize upya." Sisi wasichana wa kufua tulimwigiza tukikunja mashuka. Mmoja anashika pembe, mwingine anauliza kwa sauti nzito hili lina siku ngapi, na wote tunacheka mpaka tunashika mbavu. Leo sicheki. Mzee huyu alifukuzwa kazi kwa kosa langu, na mimi nilikaa miaka minne sijafumbua mdomo. Mnaosoma haya yasomeni mkilijua hilo tangu mwanzo, msije mkanionea huruma njiani.

Tulikuwa tunafanya kazi kwenye hoteli moja ya wageni juu ya Lushoto, karibu na msitu, mahali ambapo mwezi wa saba ukianika shuka asubuhi, jioni unalikuta bado bichi. Kwa ajili ya baridi ile mwenye hoteli aliweka pipa kubwa la mbao nje, wanaingia watu sita, maji yake yanapashwa mpaka yawe kama ya kuogeshea mtoto mchanga, na mashine inayazungusha huku ikitoa mapovu. Wageni walikuwa hawabanduki humo. Sisi tuliliita Supu. "Leo Supu ina nyama ngapi?" ndivyo tulivyoulizana. Mzee wa Maji hakuupenda mzaha huo. Alisema maji ya moto yaliyotuama na yanayoingiwa na watu ni shamba lenye rutuba, na usipotia dawa wewe, vitaota vitu ambavyo hukuvipanda.

Dawa yenyewe ilikuwa klorini ya maji, ile ile tuliyong'arishia mashuka, yenye rangi ya manjano kwa mbali, tuliyoiweka kwenye madumu ya lita ishirini. Watu wengi wanadhani ukishakuwa nayo umemaliza. Mzee wa Maji ndiye aliyenifundisha kwamba haitunziki. Inatoka kiwandani na nguvu zake zote, na kuanzia hapo kila siku zinapungua, hata usipoifungua. Kwenye joto zinapungua mbio, na ikipigwa jua ndiyo kabisa. Ubaya wake ni kwamba haionyeshi. Nyama ikiharibika inanuka, maharage yakikaa sana yanatobolewa, lakini klorini inabaki na rangi yake na uzito wake, na ukiweka pua bado inakutoa machozi. "Dawa ikifa haisemi," alikuwa akituambia. "Inakaa kwenye dumu inakutazama."

Kwa hiyo kila dumu aliliandika tarehe kwa kalamu nene, herufi kubwa za kukaza mkono, kama mtoto wa darasa la pili anayeogopa mwalimu. Dumu jipya, kikombe kimoja kwenye pipa kila jioni wageni wakishatoka. Likipita wiki tatu, kikombe na nusu. Likipita mwezi na nusu, halikaribii pipa tena. Analipiga msalaba mkubwa ubavuni na linakuwa la kusafishia sakafu na mifereji. Pia kulikuwa na matone ya kupimia, unayadondoshea kwenye maji ya pipa, na kama dawa ipo maji yanageuka rangi ya waridi. Matone hayo yalitegemea meneja akumbuke kuyaagiza, na meneja wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kukumbuka maua ya mezani.

Lakini kipimo chake alichokiamini kuliko vyote kilikuwa kaniki. Alikuwa na kaniki ya zamani ya mkewe, ile nguo nyeusi ya msibani, akaikata vipande vyembamba na kuvitia mfukoni. Dawa ikiletwa, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anachovya kipande, na anaanza kusali Baba Yetu kwa sauti ya kawaida, wala haendi mbio wala havuti. Dawa yenye nguvu zake inaibadili nguo rangi ya kutu kabla hajafika kwenye riziki, katikati ya sala. Iliyochoka inafika mpaka mwisho, Amina, na nguo bado nyeusi. Hakuwa na saa ya mkononi. Aliniambia saa zinasimama, ila Baba Yetu haijawahi kusimama.

Mchungaji alisikia habari hiyo akamwita. Mzee wetu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, sasa anatumia sala ya Bwana kupimia dawa ya kuogea watalii. Alirudi siku hiyo amenuna. Nikamuuliza wamemalizana vipi. "Nimemwambia aniletee sala nyingine yenye urefu ule ule," akasema, akavuta ugoro wake, akapiga chafya. Ugoro nao mchungaji alikuwa ameshaukataza.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, hanyooki. Aliyatesa maji ya wageni kwa vipimo, lakini yeye mwenyewe alikunywa ya chemchemi pale msituni, anachota kwa kiganja, mbichi, na hakuna siku aliyoumwa tumbo. Kwenye pipa hakuwahi kuingiza hata kidole cha mguu. Alioga maji ya baridi saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba huo huo, na kutuona sisi tunaochemsha ya kuogea ni watu wa kulegea. Suruali zake zote zilikuwa na madoa meupe ya klorini. Koti lake la Jumapili pia, na aliingia nalo kanisani kifua mbele. Mkewe alilalamika mpaka akachoka. Alituma ujumbe kwetu, mpeni mume wangu aproni, na tukampa, naye akaitumia kufunikia madumu yasipigwe mwanga.

Kuhusu mahali pa kuyaweka madumu, aligombana na hoteli nzima. Aliyatia kwenye stoo ya viazi, ile ya mawe isiyopata jua. Mpishi akaja juu, na kusema kweli mpishi alikuwa na haki, dawa na chakula havilali chumba kimoja. Meneja akaamuru yahamishiwe chumba cha mashine ya kupashia maji. Kesho yake Mzee wa Maji akaanza kuyarudisha, moja moja, begani.

"Baridi yote hii ya Lushoto, Mzee, bado unatafuta friji?" meneja akamuuliza.

"Baridi ya Lushoto iko nje, meneja. Humu ndani ni Tanga."

Mwisho alijenga kijumba chake mwenyewe cha mawe nyuma ya stoo, upande wa kivuli. Alikijenga Jumapili mbili mfululizo baada ya ibada, yeye mzee wa kanisa, na hakuomba hata mfuko mmoja wa saruji. Alitumia udongo na mawe. Kipo mpaka leo na ufunguo wake ninao mimi.

Kuna siku mgeni mmoja, mama wa makamo, alitoka kwenye pipa akiziba pua, akasema dawa ni nyingi mno inanuka. Meneja akamwita Mzee, punguza dawa. Mzee akajibu haipunguzwi, inaongezwa, na ikibidi maji yote yanamwagwa. Akaeleza kwamba dawa inayonuka vile ni ile iliyokwisha kupigana na jasho la watu na kushindwa, kwamba maji safi yenye dawa ya kutosha hayanuki hivyo. Meneja aliona anafanywa mjinga mbele ya mgeni. Akapandisha sauti. Mzee wa Maji akamsubiri amalize, akaenda akafungua koki chini ya pipa, maji yote yakashukia shamba la kahawa lililo chini, na akaanza kusugua mbao. Mgeni huyo alikaa siku tano zaidi akaondoka akimshukuru kwa jina. Meneja hakumsamehe, na sisi tuliona kwamba hakumsamehe.

Sasa nije kwangu, maana nimezunguka vya kutosha.

Mzee wa Maji alikuwa na ulimi. Akiona mtu hajifunzi anamsema papo hapo, mbele ya yeyote. Mwaka wangu wa kwanza niliacha dumu la kufulia juani nyuma ya chumba chetu, kutwa nzima, likavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Alikuja, akalegeza kizibo taratibu, hewa ikatoka. Akachovya kaniki yake. Akasali mpaka Amina. Halafu akaliinamisha dumu lote kwenye mfereji, lita zaidi ya kumi, huku wasichana wenzangu saba wamesimama wanatazama.

"Binti wa Kwai," akasema, akinitajia kijiji chetu cha wafugaji, "kwenu mnajua kukamua tu. Kusoma hamjui?"

Wenzangu walicheka. Hata yule tuliyelala naye chumba kimoja alicheka. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya sanduku, na huyu mzee wa madoa ananiambia sijui kusoma. Baadaye alinichagua mimi kati ya wote kunifundisha mambo ya pipa. Alinikabidhi ufunguo wa akiba, akaniambia nina mkono mzuri wa kuandika. Nilijifunza yote niliyowaeleza hapo juu. Lakini ule msemo niliuweka moyoni. Ndivyo nilivyo, siyo mtu wa kusahau upesi, na kwa miaka mingi nilijisifia tabia hiyo.

Kisha akafiwa na shemeji yake huko Rangwi, akaenda kuzika siku tatu. Aliniachia kazi zote. Siku ya pili gari la dawa likaja. Lile gari haliachi madumu, linamimina kwenye dumu lako mwenyewe na kuondoka. Tulikuwa tumeagiza lita kumi tu kwa sababu wageni walikuwa wachache. Dumu la kupokelea Mzee alikuwa ameliosha na kulifudikiza nyuma ya kijumba likauke. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Lushoto isiyo na kelele lakini inaingia hadi kwenye mifupa. Dereva anapiga honi. Pale mlangoni mwa kijumba palikuwa na dumu lenye msalaba, limebaki nusu. Nikamwambia dereva mimina humu humu.

Mkiniuliza nilifikiri nini, nitawaambia, na mtacheka. Mimi nimekulia Kwai kwenye ng'ombe. Mama yangu alikuwa na kibuyu cha maziwa ambacho hakijawahi kukauka tangu aolewe. Unamimina mapya juu ya yaliyobaki, na yale ya zamani ndiyo yanayoyagandisha mapya yakawa maziwa ya maana. Kibuyu kilichooshwa kikakauka kabisa ni kibuyu cha mwanamke mvivu. Wanaopika pombe ya boha wanafanya hivyo hivyo, wanabakiza machicha ya jana yaamshe pombe ya leo. Nilifundishwa kwa maneno na kwa macho kwamba klorini ni kinyume chake, kwamba ya zamani haiisaidii mpya, inaipunguza tu na kuichafua. Nilijua. Lakini mkono wangu ulikuwa umejifunza kwa mama kabla sijafika kwa mzee, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikaufuta msalaba na tarehe ya zamani kwa kitambaa na mafuta ya taa maana dumu lenye alama mbili lilinikera macho, nikaandika tarehe ya siku ile. Niliiga mwandiko wake, herufi kubwa za kukaza mkono, ili madumu yafanane.

Hapo bado lilikuwa kosa tu, na kosa linasahihishwa. Aliporudi kutoka msibani, macho mekundu, miguu imejaa tope la Rangwi, kabla hata ya kukaa aliniuliza kama dawa imekuja.

"Imekuja, Mzee. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Dumu uliliosha tena kabla ya kumimina?"

Nikaukumbuka mfereji. Nikawakumbuka wasichana saba wakicheka. Nikasema ndiyo. Halafu nikaongeza, "Nimeliosha mara mbili."

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, na hakutoa kaniki mfukoni. Alichukua dumu kwa neno langu, akatia kikombe kimoja jioni ile, kama dumu jipya linavyotaka. Matone ya kupimia yalikuwa yamekwisha wiki mbili nyuma, na alikuwa amemkumbusha meneja mara tatu, mimi mwenyewe nikiwepo mara moja.

Siku hiyo hiyo ikaingia familia moja kutoka Dar, watu sita, watoto wanne. Siku tatu walishinda kwenye pipa asubuhi na alasiri. Siku ya nne wote walikuwa na vipele vyekundu, mgongoni na mapajani, pale nguo ya kuogelea inapobana. Mtoto mdogo alipata homa. Daktari aliwaambia ni maji. Walipiga picha migongo yao wakaziweka kwenye simu, na kabla ya chakula cha mchana picha hizo zilikuwa zimemfikia hata mwenye hoteli.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kulia. Wafanyakazi wote tulikaa. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka mlangoni. Meneja akasoma malalamiko, sauti inamtetemeka kwa hasira, na pengine kwa hofu, maana matone ni yeye ambaye hakuyanunua.

"Mzee, ulitia dawa au ulisahau?"

"Nilitia kikombe kimoja kila jioni."

"Kimoja kwa watu sita?"

"Dumu lilikuwa jipya, meneja. Ndivyo lilivyoandikwa."

"Limeandikwa na nani?"

Mzee wa Maji alisimama pale na kofia yake mkononi. Alizungusha macho ukumbini taratibu, na hakuyasimamisha kwa mtu yeyote. Nilikuwa naangalia kitambaa cha meza. Kilikuwa na doa la chai ambalo mimi ndiye niliyeshindwa kulitoa. Nilifikiria kazi yangu, na wadogo zangu wawili shuleni. Nilifikiria pia, na hili siwafichi, kwamba leo ni zamu yake kusemwa mbele ya watu.

"Mwandiko ni wako huu," meneja akasema. "Unaandika halafu unasahau. Umri umefika, Mzee. Nenda kapumzike."

Aliweka funguo mezani moja moja, akavaa kofia, akatuaga wote kwa pamoja. Habari ya kwamba amezeeka akawaumiza watoto wa watu kwa kusahau dawa ilifika kwao Mlalo kabla yake. Kanisa lilikuwa limemwachia tangi la usharika miaka yote, akitia dawa bure. Wakamshukuru, wakampa mwingine. Na mimi nilipewa pipa. Nilipewa na aproni mpya. Wiki ile ile meneja alinunua matone ya kupimia, makasha mawili.

Miaka minne. Nimefanya kazi ile kwa uangalifu ambao ungemfurahisha. Naandika tarehe, naosha madumu, nachovya kaniki na kusali, na wafanyakazi wapya wananiigiza wakikunja mashuka, nawasikia. Hakuna mgeni aliyetoka upele mikononi mwangu. Ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyoninyanyua kwenda Mlalo. Ukweli ni kwamba meneja yule alihamia hoteli nyingine mwezi wa tatu mwaka huu, na mwezi wa nne nikaona sasa ninaweza kusema. Nilingoja hadi kusema kukawa hakunigharimu kitu.

Nilishuka Mlalo siku ya soko, nikanunua sukari, sabuni na mkungu wa ndizi mbivu, nikapanda kilima nikiuliza njia. Nilimkuta kakaa kwenye kigoda uani, anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Amekonda. Koti lilikuwa lile lile.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti wa Kwai." Akazitazama ndizi. "Hizo zina siku ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nikaketi chini kwenye mkeka na nikaanza kulia, akaniacha, akaendelea na maharage yake. Niliponyamaza nikamweleza. Msalaba nilioufuta, mvua, kibuyu cha mama, ule uongo wa mara mbili. Hakunikatisha.

"Nilijua," akasema. "Asubuhi ya kikao nilichovya kitambaa kwenye lile dumu. Nikasali mpaka Amina, nyeusi. Nikarudia, nyeusi. Na mwandiko wangu naujua. Wewe unafunga herufi, mimi siwezi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umekaa pale karibu na mlango. Nilikuwa nakungoja wewe."

Akapepeta ungo, makapi yakaruka. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Lushoto, na hata mimi mwenyewe niliyasikia hayana kitu. Alitikisa kichwa kana kwamba namwongelesha habari ya mtu mwingine.

"Usihangaike na mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua kwamba sikukosea. Huyu ndiye hajui." Akaelekeza kidevu jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka na mkewe anasikika akikohoa. "Nilirudi nikamwambia, siyo mimi, kuna mtu alichanganya. Akasema kila anayefukuzwa anasema hivyo. Zahanati waligawa chupa ya dawa ya maji kila nyumba, mwaka ule ule. Akaniona nimeishika, akaninyang'anya. Akasema umeshaumiza watoto wa watu, wajukuu zangu hapana. Tangu siku hiyo sishiki maji nyumbani kwangu. Anachemsha yeye, kutwa, na kifua kile. Mimi natumwa kuni."

Aliyasema hayo bila kunisuta. Heri angenisuta.

Mkewe akaja na chai. Mama mfupi, macho yamevimba kwa moshi. Nikasimama, nikamwamkia, na nikamweleza yote tena, hapo hapo nimesimama, yeye akiwa bado ameshika sinia. Nilijitaja mimi ni nani na nilifanya nini. Sikumtaja meneja wala mvua. Alipoelewa aliweka sinia chini kwenye majani, akamgeukia mumewe, akasema naye kwa Kishambaa, maneno machache ya chini ambayo niliyasikia na sitayaandika. Mzee wa Maji akaitikia tu, "Ee."

Mama akaingia ndani. Akatoka na kiti, sikujua cha nini, akakiweka ukutani chini ya paa, akapanda. Kutoka juu ya boriti akatoa kichupa cha buluu kilichojaa vumbi na masizi. Akakifuta kwa upande wa kanga yake, akashuka, akakileta kwa mikono miwili akakiweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Tia wewe," akamwambia. "Ndoo iko pale."

Mzee wa Maji alikishika kichupa muda mrefu. Halafu, maana ndivyo alivyo, akakigeuza chini kutafuta tarehe. Akakitikisa sikioni. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, na bado alikuwa navyo, vile vipande vya kaniki, miaka minne bila dumu la kupima. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akachovya, akaanza kusali. Mkewe akainamisha kichwa. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alipita kwenye riziki. Alipita kwenye utusamehe makosa yetu kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea, kwa sauti ile ile ya kawaida, na mimi nilikuwa nakitazama kitambaa kwa nguvu zangu zote.

Alisema Amina. Kitambaa kilikuwa cheusi.

Akakifunga kichupa, akamrudishia mkewe. "Hii imeshakufa, mama," akasema. "Chemsha tu."

Mama akakipokea. Akarudi jikoni, na tukamsikia anavunja kuni.